Msanii apewe mlango, mgeni apewe kiti

Sisi watu wa Kigoma tulio nje tukikutana, haupiti muda mtu anaibua hoja ya kuchangishana tujenge nyumba ya sanaa nyumbani. Ramani ikianza kuchorwa, cha kwanza ni ukumbi, cha pili jukwaa la mgeni rasmi. Mchango nitatoa, ila ramani hiyo siitaki.

Hapa Helsinki, Finland, ninapoishi kuna maktaba kuu inaitwa Oodi, ilifunguliwa Desemba 2018, mkabala na Bunge. Ghorofa ya pili utakuta vyerehani. Unaweka nafasi, unakaa, unapunguza suruali yako, na cherehani hulipii. Meza ya pili kijana anahangaika na mashine inayochapa vitu vya plastiki, chumba cha jirani watu wanajaribu gitaa. Hakuna wa kukusimamisha mlangoni na lile swali letu la "una shida gani?" Mama aliyefuata cherehani anajikuta anatazama kazi za wenzake, na wala hakutoka nyumbani kwake akisema anakwenda kuona sanaa. Alikwenda kupunguza suruali.

Najua mtakachosema. Oodi imekula takriban yuro milioni 98, tuache ndoto. Sawa. Na tusidanganyane, mle ndani unaweza kushinda kutwa nzima asitokee hata mmoja wa kukusalimu. Kwa salamu, Kigoma haina mpinzani.

Kinachonivutia zaidi ni Kaapelitehdas, kiwanda cha zamani cha nyaya cha Nokia kilichogeuzwa makazi ya sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makumbusho, mgahawa na ua ni vya kila mtu. Lakini ukipanda juu unakutana na korido ndefu za milango iliyofungwa, kwa sababu nyuma ya kila mlango kuna mtu anafanya kazi. Chumba cha mchoraji ni chake. Utaingia siku akikufungulia.

Sasa mtazame fundi anayeandika majina ya mitumbwi kwetu Kigoma, pale Kibirizi. Anachora herufi kwa chaki kwanza, anarudi nyuma hatua mbili kuzipima, ndipo anachovya brashi kwenye kopo alilokata kutoka chupa ya maji. Kabla hajamaliza herufi ya tatu, mpita njia keshamwambia imelala upande. Mtoto keshagusa rangi mbichi. Mwenye mtumbwi naye anataka aongezewe samaki pale mbele, "si kadogo tu," na hako kadogo hakalipwi. Upepo wa ziwa unamalizia kwa kumpulizia mchanga. Jioni anafunga makopo yote nyuma ya baiskeli, kwa sababu hana pa kuyaacha. Fundi huyu watu anao wa kumwaga. Anachokosa ni kufuli, rafu, na sehemu ya kukaushia kazi.

Mkazi wa kawaida ndiye asiye na pa kukaa. Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871, ni mahali pa kumbukumbu, pa watalii na safari za shule. Hayakuwekwa ili jirani apitishe jioni yake pale, na si kosa lake.

Dar walishaonyesha kwamba si lazima kuanza na jengo kubwa: Nafasi Art Space, Mikocheni, wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena. Kigoma ni mwisho wa reli, tena na bandari juu, kontena si kitu kigeni kwetu. Yapangwe machache, kila moja na kufuli lake, na paa la ziada juu, la sivyo saa saba mchana ni tanuri. Mbele yake baraza ndefu yenye kivuli, kahawa, bao, soketi za kuchajia simu, na kona ya mafundi cherehani, maana vitenge havikosi wateja mjini. Choo kisafi pia, na hapo sitanii. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa mahali pasipo na choo, hata picha ziwe nzuri vipi.

Bei ziandikwe. Mtu wetu anaogopa kuuliza bei ya picha, anahofia kuaibika mbele za watu, basi anaitazama kwa mbali na kuondoka. Pawepo na vitu vidogo vya shilingi elfu mbili tatu, aondoke na kitu mkononi. Na mgawo wa msanii katika kila mauzo ubandikwe ukutani, usomwe na yeyote.

Lililobaki ni funguo za geti. Nimeshasikia watu wakipendekeza zikae kwa mwenyekiti. Siku mwenyekiti akienda msibani Kasulu, wachoraji na wacheza bao wote watabaki nje ya geti, na hakuna atakayekuwa na namba ya katibu.