Desemba 9 ina matukio mawili, tunaadhimisha moja

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, taa za Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, zilizimwa. Zilipowaka tena, bendera ya Uingereza haikuwepo mlingotini. Iliyopepea ilikuwa ya Tanganyika: kijani, nyeusi na dhahabu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge kileleni Kilimanjaro. Hadithi hiyo tumeisoma tangu darasani, na gwaride ni kwa ajili yake.

Ila tarehe hiyohiyo, mwaka 1962, Tanganyika ilikuwa Jamhuri, na hilo husikii likitajwa sana. Mwaka mzima baada ya uhuru mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili. Sir Richard Turnbull, gavana wa enzi za ukoloni, alibaki kuwa Gavana Mkuu, akimwakilisha.

Wanaosema 1961 ndiyo siku yenyewe wana hoja, tena nzito. Serikali ilikuwa mikononi mwa TANU. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 akakijenge chama, Rashidi Kawawa akashika nafasi, na uamuzi huo ulikuwa wa Watanganyika wenyewe. Malkia alibaki jina tu.

Mimi hata hivyo naegemea 1962, na si kwa sababu ya Malkia. Mwaka huo ndio uliotupa Rais mtendaji mwenye mamlaka mapana. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Katika uchaguzi wa rais, Zuberi Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere akaambulia chini ya asilimia 2 ya kura. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawa sheria. Ni kweli nchi changa ilihitaji mkono imara, na waliokuwepo waliogopa mgawanyiko wa kikabila na kidini. Hofu hiyo siidharau. Lakini mijadala yetu ya leo kuhusu madaraka ya Rais chimbuko lake liko pale, wala haliko kwenye taa zilizozimwa uwanjani.

Wakenya nao walipata uhuru Desemba 12, 1963, wakawa jamhuri tarehe hiyohiyo 1964. Wao siku yao wanaiita Jamhuri. Sisi tumebaki na Uhuru, na mtoto anamaliza shule akiwa hajaulizwa hata mara moja Tanganyika ilikuwa jamhuri lini.