Namba Tasa Iliyozaa

Jina "namba tasa" hunikera kidogo. Tasa ni asiyezaa, nasi tumeziita hivyo namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kana kwamba habari zao zimeishia hapo. Ichukue 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, uone jinsi jina hilo linavyoisingizia.

Kwanza, umbo lake ndilo lililowezesha utasa wake kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi. Anayeihakiki kwa kugawanya tu hana budi kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, nazo ni zaidi ya 4,700. Leonhard Euler, ambaye uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 1772, alijua kwamba kigawo tasa cha namba hii, kama kingekuwepo, kingeacha baki ya 1 au 63 kikigawanywa kwa 248, na kwa sharti hilo peke yake namba za kujaribiwa zikashuka hadi chini ya 400. Kazi ya kuchosha bado, lakini ya mtu mmoja mwenye subira.

Sasa tuje kwenye uzao. Euclid alikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Euler, kwamba kila namba tasa ya umbo hili huzaa namba kamilifu, yaani ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Namba 7 ni 2 kwa kipeo cha 3 ukitoa 1. Izidishe kwa 4 upate 28, kisha ujumlishe 1, 2, 4, 7 na 14, na 28 inarudi bila kupungua wala kuzidi. Hii yetu, ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 30, huzaa 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu kubwa kuliko hiyo haitapatikana kamwe, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabiwa tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta. Alikosea kuhusu watu kuliko alivyokosea kuhusu hesabu. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1, yenye tarakimu 39.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa nyingine ya ukoo huo, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1. Habari nyingi zilishangilia tarakimu zake 41,024,320, sifa ambayo kwangu ndiyo hafifu kuliko zote, kwani namba ndefu kuliko hiyo hata mtoto anaweza kuitunga. Ninachokistaajabia ni kwamba, utasa wake ulipothibitika, ilijulikana papo hapo, bila jaribio jingine lolote, kuwa imezaa namba kamilifu yenye tarakimu 82,048,640.