Pindua Kwanza, Ndipo Uulize Bei

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mbeya. Binti kajilaza kwenye kitanda cha sebuleni, velveti ya kijani, vifungo vya dhahabu mgongoni, na sauti nzito inasema: "Toa vikuukuu vya bibi, weka deibedi ya kisasa." Chini yake watu wanauliza rangi zilizopo, wanauliza kama inafikishwa mpaka Tunduma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mbao gani.

Imeniuma kwa sababu jirani yangu alishatii tangazo kama hilo. Alikuwa na kitanda cha mninga cha futi tatu, chenye egemeo upande mmoja, alichoachiwa na baba mkwe wake. Dalali akaja, akakigongagonga, akasikitika kwa niaba yake kwamba "kimechoka sana mama", akatoa laki na nusu, akakipakia kwenye Kenta. Siku hizi kiko kwenye ukurasa wa muuzaji wa Dar, kimepigwa msasa na vanishi, kinaitwa vinteji, na bei ni "njoo inboksi". Hiyo laki na nusu jirani akaiongezea pesa nyingine nyingi, akanunua ya velveti, mvua za masika zikiwa zimeshika. Kufika Agosti, ukikaa inalia kama mlango wa banda la kuku.

Tukaipindua. Nikachana kile kitambaa cheusi kinachopigwa pini kwa chini, nikamulika kwa simu. Ndani kulikuwa na paina ambayo pembeni bado ina gamba la mti. Tone la utomvu limegandia kwenye kona. Madoa ya bluu ya ukungu yametambaa kwenye ubao wa mbele, na pale mguu unapokutana na fremu kuna kipande cha mbao kimekomelewa kuziba nafasi, juu yake misumari miwili, mmoja umepinda. Hii ndiyo kazi iliyovikwa velveti na vifungo vya dhahabu.

Naomba nieleweke, paina si mbao mbaya. Tunaishi karibu na Sao Hill, kule Mafinga, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, tungekuwa wendawazimu kuikataa. Ubaya ni kuitumia mbichi. Mbao ikikauka hupungua upana na unene, urefu wake karibu hausogei. Kwa hiyo ulimi wa ubao uliochongwa kuingia kwenye tundu la mguu unasinyaa ukiwa humo humo ndani, gundi inaachia, na mzigo wote unabaki kwenye msumari. Na hewa yetu mnaijua: mvua ikikatika Mei, mpaka Oktoba midomo inapasuka, sembuse mbao iliyotoka shambani juzi. Ikipangwa chini ya paa, vijiti katikati ya ubao na ubao, upepo ukapita miezi kadhaa, paina hiyohiyo inatoa kitanda cha kukaliwa na wajukuu. Ila wengi wananunua Mafinga Jumatatu, na Ijumaa mzigo uko sebuleni kwa mtu. Mafundi watasema hawana mtaji wa kulaza mbao na mteja anataka kesho. Sawa, nakubali, sisi wateja tuna sehemu yetu. Lakini basi semeni ni mbichi, bei ishuke, mtu ajue anachonunua.

Mninga wa yule mzee nao haukudumu kwa sababu ya baraka za wahenga. Mninga husinyaa kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingine, na ukishakauka unatulia. Ndiyo maana sina hamu na ubishi wa zamani dhidi ya kisasa. Kitu kibovu cha mwaka 1970 kilikuwa kibovu mwaka 1970.

Wanaouza "antika" nao wapunguze chumvi. Kwa mazoea ya biashara hiyo duniani, antika ni kitu cha miaka 100 na zaidi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wajerumani wakajenga Iringa na Tukuyu, kwa hiyo siwezi kusema hakuna kabisa fanicha ya umri huo huku kwetu. Lakini Mbeya mjini? Mji ulichipuka na dhahabu ya Lupa, kule Chunya, kwenye miaka ya 1920! Anayekuuzia kitanda cha "miaka mia mbili cha ukoo wa hapahapa Mbeya", mwombe na cheti cha kuzaliwa cha hicho kitanda. Na wale mnaotumiana picha za kile cha ngozi, cha chini, chenye mto mmoja wa duara kichwani, mkisema ndiyo usasa wenyewe: msanifu majengo wa Kijerumani, Mies van der Rohe, alikibuni mwaka 1930. Nacho kinaelekea kwenye uantika.

Zaidi ya mbao, mimi naangalia magoti ya bibi. Kitanda cha sebuleni huku si pambo. Ndipo anapolala mgeni aliyeshuka kutoka Kyela au Makete kuja Hospitali ya Rufaa, ndipo bibi anapokaa na blanketi Julai nzima. Vile vya kisasa vinavyotambaa sakafuni vinamfanya mtu mzima anyanyuliwe kama gunia. Sentimita 45 hivi, toka chini mpaka juu ya godoro, zinamtosha kusimama mwenyewe. Na kiwe cha futi tatu kwa sita, godoro likichoka unapata jingine dukani bila kushonesha.

Vya zamani vina kunguni? Vinaweza kuwa nao, kagua nyufa. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya chini yake, bungua bado wanakula, achana nacho. Na droo za chini kwenye vipya, haya, ni nzuri, mablanketi yetu ni mengi.

Kuna fundi mmoja Iringa, upande wa Kihesa, ambaye kila ubao wake umeandikwa kwa chaki tarehe aliyoulaza. Nilimwuliza kama anaweza kunitengenezea kitanda ndani ya wiki mbili. Hakuacha hata kupiga randa. "Dada, kama una haraka, nenda kwa yule pale mbele." Nikaweka oda kwake. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya velveti, na hakupunguza hata shilingi mia.