Dola 214 kwa huyu, 33 kwa yule

Aprili 2020 wafugaji wa Marekani walikuwa na mifugo iliyofikia kuchinjwa na hawana pa kuipeleka. Kiwanda cha nguruwe cha Smithfield mjini Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa baada ya mamia ya wafanyakazi kuambukizwa korona, na vingine vikafuata. Nguruwe waliuawa na kufukiwa, maziwa yakamwagwa. Nyama ilipanda bei dukani huku bei ya ng'ombe hai ikiporomoka. Mwenye ranchi hakuwa na kosa lolote, na sijasikia hoja ya maana ya kumnyima msaada.

Aprili 17 serikali ilitangaza dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, 3 za kununua chakula cha kugawia watu. Septemba ikaongezwa awamu ya pili, hadi bilioni 14. Wanaoutetea mpango huo husifu kasi yake, na ni kweli: maombi ya awamu ya kwanza yalianza kupokelewa Mei 26. Mwenye deni benki asingeweza kusubiri mkaguzi azunguke zizi kwa zizi. Basi wizara ya kilimo ikahesabu vichwa vya mifugo na kuzidisha kwa viwango vilivyopangwa.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia. Katika awamu ya kwanza, ng'ombe aliyenoneshwa na kuuzwa kwa kuchinjwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 214, na ndama mdogo aliyeuzwa, 102. Aliyekuwa bado zizini kati ya Aprili 16 na Mei 14, awe mkubwa au ndama, alilipiwa 33. Kumbe wafugaji wengi wa ndama huuza Septemba au Oktoba! Mwenye ng'ombe 40 ambao hajawauza aliambulia dola 1,320. Aliyewahi kuuza 1,000 walionona alistahili 214,000. Ukomo ulikuwa 250,000 kwa mtu mmoja, na kampuni ingeweza kufika 750,000 iwapo wanahisa watatu waliifanyia kazi saa 400 kila mmoja.

Majina ya wapokeaji yakiwekwa hadharani, watu wa wilaya hukimbilia tarakimu ndefu na kuita wizi. Mimi siwafuati huko. Mwenye ng'ombe 1,000 alipoteza mara elfu ya mwenye mmoja, na chakula cha kuwanonesha alikuwa ameshakinunua. Kinachonisumbua ni kipimo chenyewe: kilipima anguko la bei sokoni, hakikuuliza nani anakaribia kufunga shamba. Malipo yote ya serikali kwa mashamba mwaka 2020, pamoja na fidia ya vita vya biashara na China, yalizidi dola bilioni 45, na mapato halisi ya kilimo nchini yakapita yale ya 2019. Sekta ilitoka kwenye mwaka wa janga ikiwa na fedha zaidi, ilhali awamu ya kwanza ilimwachia mwenye ng'ombe 40 dola 1,320 zake.

Vibarua wa mashambani, na wale wa viwanda vya nyama ambao kuugua kwao ndiko kulikofunga machinjio, hawakuwamo kabisa katika hesabu ile ya vichwa. Msaada wao ulitangazwa Septemba 2021: hadi dola 600 kwa mtu.