Kikokotoo cha dozi kitengenezwe mara moja tu

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye kazi yetu hii ya kutengeneza kozi za mtandaoni za manesi na matabibu: kila chuo kikitaka kozi kinaanza sifuri. Kwizi mpya, video mpya, kikokotoo cha dozi kipya, yaani kama vile hakuna mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, hela inaisha mwanafunzi hajafungua hata somo la kwanza.

Chukua malaria kali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi ya sindano ya artesunate kwa watoto walio chini ya kilo 20, ikatoka miligramu 2.4 kwa kila kilo ikawa 3. Mtoto wa kilo 18 aliyekuwa anapata miligramu 43.2 sasa anapata 54. Mi nilipewa kozi moja ya zamani niipitie (chuo chenyewe sikitaji), nikakuta kikokotoo kimekopiwa na kupestiwa kwenye masomo manne, matatu yamerekebishwa, la nne, lile la rufaa, bado linazidisha kwa 2.4. Aliyerekebisha hakujua kama kuna la nne, basi. Nikamuwaza nesi yuko zahanati usiku peke yake, mtoto ana degedege, na namba iliyomkaa kichwani ni ya lile somo la nne.

Ndo maana nasema kikokotoo kiwe kimoja, kikae sehemu moja, masomo yote yakiite kutoka hapo. Vifaa vipo, Moodle, programu ya kuendeshea kozi za mtandaoni, ni ya bure tangu 2002, na H5P, ya kutengenezea kwizi na mazoezi, iliyoanzia Norway, ni ya bure pia, ila angalia, ukidownload kwizi ya H5P ukaipandisha kwenye kozi nyingine hiyo ni kopi, umerudi kulekule kwa masomo manne.

Wengine wanasema kitu kikiwa kimoja kosa likiingia linasambaa kote. Kweli kabisa, kwa hiyo namba za dozi zikae kwenye jedwali lake, mfamasia alifungue na kulisoma bila kumsubiri mtu wa programu, na chini ya jibu mwanafunzi aone ni mwongozo wa mwaka gani. Halafu kipimwe pale pagumu: kilo 19.9 inaleta miligramu 59.7, kilo 20 inashuka hadi 48, na hiyo ni sahihi, maana kuanzia kilo 20 dozi imebaki 2.4, ila asiyejua ataona programu imekosea, kisha "ataisaidia" kwa kuiharibu.

Visa vya wagonjwa ndo nisingependa tuazimane. Kisa kilichoandikwa kwa hospitali yenye oksijeni na maabara ya saa 24 hakimfundishi nesi wa zahanati aamue nini, hicho kiandikwe na walioko huko.

Kama chuo chenu kina kozi ya malaria kali naomba uifungue leo, nenda kila somo lenye kikokotoo, weka kilo 18 uone inakuletea ngapi.