Kiraka cha Kivinjari Kiwe na Tarehe ya Kubanduliwa

Karani mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa amebandika karatasi ndogo ya njano pembeni mwa skrini yake: "Malipo, kivinjari cha zamani. Likizo, kipya. Usisasishe." Kila asubuhi alifungua vivinjari viwili, akawa anahamisha namba za hati kutoka kimoja kwenda kingine kwa kuzichapa upya kwa mkono, kwa kuwa mfumo wa zamani haukuruhusu kunakili na kubandika, na si mara moja alikosea tarakimu. Nilipomuuliza ni nani aliyempangia kazi hivyo, alijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa alipoajiriwa. Kiraka ambacho fundi fulani alikishona kwa ajili ya wiki chache kilikuwa kimegeuka utaratibu wa kazi.

Sipingi viraka. Mifumo mingi ya ofisini iliandikwa wakati ambapo Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft kilichotoka mwaka 2001, ndicho kilichotawala kwenye kompyuta za kazini, na walioiandika walitumia zana zilizokuwapo: ActiveX, yaani vijiprogramu vya Microsoft vinavyofanya kazi ndani ya kivinjari, kwa kuchapisha hati au kusoma kadi, na amri ya showModalDialog, iliyofungua kidirisha kidogo na kuusimamisha ukurasa mzima mpaka mtumiaji achague kitu. Chrome, kivinjari cha Google, ilianza kuiondoa amri hiyo mwaka 2014. Matokeo yake ni kwamba karani anabofya kitufe cha kuchagua mteja na hakuna kinachotokea: ujumbe wa kosa umeandikwa kwenye konsoli ya kivinjari, dirisha la ujumbe wa kiufundi, mahali ambapo yeye hana sababu ya kupajua. Anabofya tena na tena, kisha anapiga simu kusema mtandao umekatika.

Tangu tarehe 15 Juni 2022, Internet Explorer 11 haihudumiwi tena na Microsoft kwenye matoleo mengi ya Windows 10, lakini Edge, kivinjari chake kipya, ina hali maalumu inayofungua kurasa kwa injini ile ya zamani, yaani sehemu ya kivinjari inayosoma na kuchora ukurasa, na Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi mwaka 2029. Msimamizi huorodhesha anwani zinazohusika katika faili ya XML (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome), na kivinjari hubadilisha injini chenyewe bila mtumiaji kufanya lolote. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiraka bora kilichopo, mradi orodha iwe fupi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuingiza anwani ya mtandao wote wa ndani ili kumaliza kazi haraka. Hapo hata mfumo mpya, ulioandikwa kwa viwango vya leo, unafunguliwa kwa injini ya zamani na kuharibika, na lawama inamwangukia mwandishi wake asiye na hatia.

Kiraka kingine ni kubadilisha jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo kwa seva, ili mfumo unaokataa vivinjari vipya ukubali kufunguka. Wakati mwingine ukurasa hufanya kazi vizuri kabisa, maana kilichouzuia kilikuwa jina tu. Hata hivyo, nisingeruhusu hilo kabla ya kujaribu kuhifadhi, kuhariri na kufuta kwenye nakala ya mfumo, kwa sababu fomu inayohifadhi nusu ya taarifa ni hatari kuliko ile inayokataa kufunguka.

Ndiyo maana nawasihi waandishi wa programu wakiulize kivinjari uwezo wake, wasiangalie jina lake. Chukua sehemu ya kujazia tarehe. Internet Explorer 11 haikuifahamu aina hiyo ya sehemu, hivyo ilionyesha kisanduku cha maandishi cha kawaida. Mtumiaji akiandika 03/04, seva itapokea nini: tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Kivinjari hakitaonya. Mishahara au mikataba itaingia na mwezi usio wake, na kosa litaonekana baada ya wiki kadhaa, wakati aliyeandika ameshasahau. Msimbo (maagizo ya programu) unaopima uwezo huo kwanza, kisha ukaweka visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka pale unapokosekana, ni kazi ya saa chache.

Kwenye ofisi ya yule karani tulianza na kile kidirisha. Tulikiandika upya kwa kutumia dialog, kijenzi kilichomo ndani ya HTML yenyewe, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na kwa kuwa hiki hakisimamishi msimbo ukisubiri jibu kama ilivyokuwa amri ya zamani, tulilazimika kugeuza pia mistari yote iliyokifuata. Uchapishaji wa hati za malipo bado unategemea ActiveX, kwa hiyo ukurasa huo mmoja umebaki kwenye orodha ya Edge, ukiwa na maelezo ya sababu yake, jina la anayewajibika nao, na tarehe ya kuupitia upya. Karani amefuta maneno ya karatasi yake isipokuwa neno "Malipo", na chini yake ameiandika tarehe hiyo.