Meno ya Suárez, goti la Zúñiga

Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil lilituachia matukio mawili ambayo hadi leo sijaweza kuyaweka kwenye kapu moja. Tarehe 24 Juni mjini Natal, Luis Suárez wa Uruguay alimng'ata begani Giorgio Chiellini wa Italia. Chiellini alibaki na alama za meno, akavuta jezi kumwonyesha mwamuzi, kisha akaendelea kucheza. FIFA ikamfungia Suárez mechi 9 za timu ya taifa, ikamzuia kujihusisha na soka la aina yoyote kwa miezi 4, na juu yake ikampiga faini ya faranga 100,000 za Uswisi.

Siku 10 baadaye, mjini Fortaleza, Juan Camilo Zúñiga wa Colombia aliruka akitanguliza goti, likatua kiunoni mwa Neymar kwa nyuma. Pingili ya uti wa mgongo ikavunjika. Neymar akatolewa kwa machela, na mashindano yakawa yamemwishia hapo. Zúñiga hakuonyeshwa hata kadi ya njano, na baadaye hakufungiwa mechi hata moja.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kikanuni. Kamati ya nidhamu ingeweza kuingilia tukio zito lililowapita waamuzi bila kuonekana. Meno ya Suárez refa hakuyaona, kwa hiyo kamati ilikuwa huru. Goti la Zúñiga lilihesabiwa kuwa limeonwa, refa akaacha mpira uendelee, faili likafungwa. Kwa maneno mengine, Zúñiga aliponea kwa sababu refa alikuwa anatazama.

Kila rafu mbaya inapotokea, hasira ya mashabiki hukimbilia dawa moja: aliyevunja mguu wa mwenzake akae nje mpaka yule aliyevunjwa apone. Nimeisikia hoja hii vibanda umiza kwa miaka mingi, na si hoja ya kijinga. Mchukue Eduardo wa Arsenal. Februari 23, 2008, mechi dhidi ya Birmingham ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Martin Taylor alimwingia kwa mguu na kumvunja vibaya kiasi kwamba televisheni zilisita kurudia picha. Taylor alipata kadi nyekundu na kufungiwa mechi 3. Eduardo alirudi kikosi cha kwanza baada ya karibu mwaka mzima. Arsenal walioongoza ligi siku ile walimaliza wa tatu. Sisemi ubingwa ulipotea kwa mguu ule peke yake, lakini jaribu kumweleza shabiki wa Arsenal kwamba mechi 3 kwa mwaka mmoja ni hesabu iliyokamilika.

Kuna uchungu mwingine ndani yake ambao hausemwi sana. Mechi 3 za Taylor zilitumikiwa dhidi ya timu nyingine. Arsenal, waliopoteza mtu, hawakupata kitu. Walionufaika kwa kukosekana kwa beki yule ni wapinzani waliofuata kwenye ratiba, ambao hawakuwa na jeraha lolote.

Lakini dawa hiyo ya "akae nje mpaka apone" ukiimeza nzima inakuua. Novemba 3, 2019 pale Goodison Park, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma. Ilikuwa faulo ya njano, za aina ile huchezwa kila wiki. Gomes akayumba, akagongana na Serge Aurier, kifundo cha mguu kikageuka. Mwamuzi Martin Atkinson alikuwa ametoa kadi ya njano, alipouona ule mguu akaibadili kuwa nyekundu. Maelezo ya ligi yalikiri kwamba nyekundu ilitokana na kilichofuata baada ya ile faulo. Siku mbili baadaye FA, chama cha soka cha England, ikaifuta, na mimi nadhani walifanya sawa. Son aliondoka uwanjani akilia kama aliyefiwa. Kwa kipimo cha kupona, angekaa nje zaidi ya miezi 3 kwa rafu ambayo siku nyingine mtu angeamka, akajifuta vumbi na kucheza.

Sasa igeuze. Fainali ya Kombe la Dunia la 2010 pale Johannesburg, Nigel de Jong wa Uholanzi alimpiga Xabi Alonso wa Hispania teke la kifua, meno ya kiatu yakiwa yametangulia. Refa Howard Webb alitoa njano, na baadaye mwenyewe akasema ilistahili nyekundu. Alonso aliinuka na kuendelea. Kipimo cha majeraha kingemwachia de Jong aende zake, maana aliyepigwa aliendelea kucheza. Nani anakubali hilo? Ukipima kwa mfupa, unamwadhibu mwenye bahati mbaya na kumwachia mwenye mguu mbaya.

Na bado sijagusa ujanja. Soka letu ni la wajanja. Siku kanuni hiyo ikipita, kocha ambaye mchezaji wake wa akiba ameumizwa na mshambuliaji hatari wa wapinzani atakuwa na sababu gani ya kumharakisha yule mgonjwa? Ripoti za daktari zitakuwa silaha ya kugombea ubingwa.

Wapo wanaosema basi tupime nia. Hapa ndipo Roy Keane wa Manchester United anapoingia. Mwaka 1997 aliumia kano za goti akimfukuzia Alf-Inge Haaland, baba yake Erling huyu wa leo, na Haaland akasimama juu yake akimshutumu kwa kujiangusha. Aprili 21, 2001 Keane alilipa: mguu wa juu kabisa, gotini. Akapewa nyekundu, mechi 3 na faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata simulizi ya maisha yake ikatoka, ikionyesha wazi kwamba alikuwa amekibeba kile kinyongo. FA wakamwongezea mechi 5 na pauni 150,000. Rafu ile ile moja, bei ikapanda kwa sababu ya wino. Angenyamaza, angekuwa amemaliza deni lake zamani.

Ndiyo maana sheria namba 12 ya soka haihangaiki na nia ya mtu anayeingia mpirani. Inauliza kama ameingia bila uangalifu, bila kujali hatari, au kwa nguvu iliyozidi, na kama amehatarisha usalama wa mwenzake. Sadio Mané wa Liverpool alipomwinulia mguu kipa Ederson wa Manchester City Septemba 2017, macho yake yalikuwa kwenye mpira. Hakuna mwenye akili aliyesema Mané ni mtu wa kuvunja watu. Lakini daluga usoni ni daluga usoni, na nyekundu ilikuwa halali. Wale waliotaka kuapa kwamba Sergio Ramos aliuvuta mkono wa Mohamed Salah makusudi ili amuumize, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Kyiv mwaka 2018 (nami moyoni nilikuwa mmoja wao usiku ule) watulize kidogo. Mwanasheria mmoja wa Misri alitangaza kudai euro bilioni 1 kwa tukio lile. Moyo wa Ramos angeufungua kwa ufunguo gani?

Kwa hiyo mimi nipo na hatari ya kitendo chenyewe. Ninachopinga ni ule ubapa wa adhabu. Mané alikosa mechi 3, na Liverpool walipoomba angalau zipunguzwe walikataliwa. Taylor naye mechi 3. Keane, aliyekuwa na hesabu ya kulipa, 3 kwanza. Bei moja kwa aliyechelewa nusu sekunde na kwa aliyekuja kuvunja si haki, ni uvivu wa kufikiri.

Na ukuta wa "refa aliona" unabomoleka wakitaka. Agosti 2006 Ben Thatcher wa Manchester City alimpiga Pedro Mendes wa Portsmouth kiwiko cha uso. Mendes alipoteza fahamu na akapata degedege akipelekwa hospitali. Refa alitoa njano, na kwa desturi hapo ndipo habari ingeishia. FA wakaamua kuwa tukio lile ni la kipekee, wakafungua faili upya na kumfungia mechi 8, nyingine 15 zikining'inizwa kichwani kwake kwa miaka 2 asirudie. Klabu yake ilikuwa imeshamwadhibu pia. Kumbe inawezekana. Lakini Oktoba 2020 Jordan Pickford wa Everton aliporuka na miguu yote miwili kwenye goti la Virgil van Dijk wa Liverpool, VAR (waamuzi wa video) ikakagua kama kulikuwa na kuotea, rafu yenyewe ikapita kama haikuwapo. Van Dijk hakucheza tena msimu ule. Pickford hakufungiwa hata mechi moja.

Jeraha basi litahesabiwa wapi? Kwenye fidia, kama vile diya, malipo kwa aliyeumizwa, inavyotofautishwa na kisasi. Ben Collett alikuwa kijana wa miaka 18 wa timu ya akiba ya Manchester United alipovunjwa mguu katika mechi dhidi ya akiba ya Middlesbrough, Mei 2003, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Mwaka 2008 mahakama ilimpa zaidi ya pauni milioni 4, ikihesabu maisha ya soka ambayo angeyapata. Hapo ukubwa wa hasara ulikuwa na kazi ya kufanya. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba mchezaji aliyemvunja alikuwa na roho mbaya, ilitosha kwamba aliingia kizembe. Wapo waliolalamika kwamba pesa zile hazikutoka mfukoni mwa aliyecheza rafu. Sawa, lakini Collett alihitaji kuishi, na kumkomoa yule bwana kusingemlipia kodi ya nyumba.